Nani Mwenye Kauli Juu ya Chumba

Vipindi vya mashindano ya kupamba nyumba nilivyoanza kuvipenda miaka ya 1990 havifanani na vya leo. Wengi husema kilichobadilika ni mitindo tu. Mimi naona kilichobadilika hasa ni mwenye kauli ya mwisho juu ya chumba. Changing Rooms, iliyoanza BBC mwaka 1996, ilikuwa na kanuni nyepesi: majirani wanabadilishana nyumba, kila upande unapewa siku mbili na pauni 500, kisha mwenye chumba anaingizwa akiwa amefumba macho. Hukumu ilikuwa uso wake. Akicheka, kazi nzuri. Akilia, kazi mbaya, na mtazamaji haelezwi kwa nini. Katika toleo moja rafu ya kuning'inia iliporomoka pamoja na mabuli ya thamani ambayo mwenye nyumba alikuwa ameyakusanya, yakavunjika. Mkasa huo hukumbukwa kama kichekesho, ilhali ni kosa la kukadiria uzito, la kukaguliwa kabla hata buli moja halijapandishwa. Trading Spaces ya Marekani ikafuata nyayo mwaka 2000 kwa bajeti ya dola 1,000, na humo mbunifu Hildi Santo-Tomas akabandika nyasi kavu kwenye kuta za chumba cha watu. Gumzo lilikuwa kubwa, lakini kipindi hakikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza kuta zile zitapanguswaje vumbi.

The Block ya Australia ilipoanza mwaka 2003, kauli ilihamia mnadani: washiriki wawili wawili wanakarabati fleti, inauzwa, na wao wanachukua kinachozidi bei ya chini iliyowekwa. Ni kipimo kikali, ila soko hulipia pia mtaa na msimu, wala halimwelezi mtu ni dirisha gani alilikosea. Maelezo hayo ndiyo niliyoyapata katika Interior Design Masters, iliyoanza Uingereza mwaka 2019. Jaji wake mkuu, Michelle Ogundehin, aliwahi kuwa mhariri wa Elle Decoration ya Uingereza. Washiriki hupewa vyumba vya wanafunzi, maduka, migahawa; waliofanya vibaya huketi kwenye sofa mbele ya majaji na kuambiwa kasoro moja moja, iwe ni rangi iliyokatwa ovyo pembeni au kiti kilichowekwa mahali pasipokalika.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kumnyang'anya mwenye nyumba haki yake na kumpa mtaalamu mwenye ladha za tabaka lake. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu ladha haizaliwi hewani. Lakini sababu ikishatajwa, mtazamaji anaweza kuipima na kuikataa; mara nyingi mimi nimeikataa. Machozi hayabishiwi. Wengine hudai kwamba chumba cha siku mbili tatu si ubunifu wa kweli, na hapo nakubaliana nao: haraka hulipa kinachong'aa mbele ya kamera kuliko kinachodumu. Dawa yake si kuviacha vipindi hivi. Ningetaka majaji warudi baada ya mwaka, wafungue makabati, wakague kingo za rangi, wamuulize anayefagia pale kila asubuhi, na alama zitolewe siku hiyo.