Zamani Mwalimu Alisubiriwa

Nilipokuwa sekondari hapa kisiwani Mafia, mwalimu mwenye shahada alikuwa mtu wa kuja na boti. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulianza 2004, shule za kata zikaenea, majengo yakawatangulia walimu. Ajira mpya zikitangazwa, mkuu wetu wa shule alipiga hesabu: wangapi wamepangiwa Mafia, wangapi wataripoti, wangapi watakaa. Wengi walitoka bara, wakashuka Kilindoni wamelowa chepechepe na bahari imewachafua roho. Wengine barua ya kuomba uhamisho waliianza kabla ya kufungua begi. Mwalimu wetu wa hesabu alikwenda likizo, ikawa ndiyo kwaheri.

Ndipo wazee wakatuhimiza: someeni ualimu, hamtakosa kazi. Na walisema kweli. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE na Mkwawa, vilikuwa vimeanza 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) 2007, na Bodi ya Mikopo iliwapa wanaosomea ualimu kipaumbele. Ukihitimu, unarudi nyumbani kungoja majina yatoke. Dada yangu alipangiwa kituo hivyo hivyo, bila kuandika barua hata moja ya maombi.

Baada ya 2015 njia hiyo ikafungwa. Ukaja uhakiki wa vyeti, ajira zikasimama. Ziliporudi zilikuja kwa mafungu, za kuombwa mtandaoni, walimu wa sayansi na hisabati wakitangulizwa. Waliosomea Kiswahili na Historia wakabaki foleni. Sasa kuna na usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Na hayo yote yalitokea huku elimu bila ada, iliyoanza 2016, ikijaza madarasa.

Wenzangu wa rika wametawanyika. Mmoja anafundisha tuisheni jioni, mchana yuko kwenye bodaboda. Mwingine ana shahada ya ualimu wa Jiografia; Oktoba hadi Machi anapeleka wageni kuogelea na papa potwe, na maelezo yake ya mikondo ya bahari ni somo kamili. Wa tatu anajitolea shule ya kijijini kwao kwa posho inayotokana na michango ya wazazi.

Hawa wamezaliwa hapa, boti haiwatishi, na hawana pa kuombea uhamisho. Kisiwa kilichokuwa kikiwabembeleza wageni wabaki, leo kina walimu wake wanaozeeka wakisubiri. Usaili unapima anachokijua mwombaji. Kukaa kisiwa kidogo kama Jibondo miaka kumi hakuna mtihani unaokupima.