Nuru na Mng'aro

Nyumba hujengwa mara moja, lakini hupambwa kila siku. Kuta zikisha kusimama na paa likisha kuezekwa, kazi ya mwashi imekoma. Kazi ya mwenye nyumba ndiyo kwanza inaanza. Miongoni mwa mambo yanayompasa kuyaamua, yapo mawili yaliyo madogo kwa sura na makubwa kwa matokeo: taa zitakazowaka ndani, na madini yatakayoonekana katika taa hizo na katika vitasa, bawaba, komeo na mifereji ya maji. Taa huleta nuru, na madini huleta mng'aro. Nuru humwonyesha mtu vitu vingine; mng'aro hujionyesha wenyewe. Aghalabu watu huvichanganya viwili hivi, wakanunua mng'aro kwa bei ya nuru, kisha wakakaa gizani katikati ya vitu vinavyometameta.

Watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Katika nyumba za kale za Lamu, kuta za chokaa zilichongwa zidaka, safu juu ya safu, na ndani yake vikawekwa vyombo vya kaure na vya shaba ili mwanga mdogo wa taa ya mafuta uguse vitu vingi. Mafundi wa Unguja walipiga njumu za shaba katika milango ya wenye mali, na mgeni akajua hali ya mwenyeji kabla ya kubisha hodi. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, na nyumba hiyo ilipotiwa taa za umeme watu waliziona kuwa ni sehemu ya maajabu yaliyoipa jina. Upande mmoja wa jumba hilo ulianguka Desemba 2020, na tukio hilo lilikumbusha kwamba taa na mapambo hudumu kadiri ukuta unavyodumu.

Katika mji huohuo palikuwa na mwalimu mmoja aliyerithi nyumba ya marehemu baba yake. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, yenye vyumba virefu na vyembamba kama vilivyo vyumba vingi vya Mji Mkongwe, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, nazo hazizidi sana mita 3. Mama yake aliishi naye. Mwalimu alikuwa ameweka akiba ya miaka kadhaa kwa ajili ya kuitengeneza nyumba, na fedha zilipotosha aliazimia kuanza na sebule, maana sebule ndiyo uso wa nyumba, na yeye alikuwa mtu wa wageni. Alitaka thurea kubwa yenye matawi ya rangi ya dhahabu, vitasa vyeupe vya kung'aa kama kioo, na taa za ukutani nyeusi, kwa sababu kila kimoja alikiona kizuri kilipokuwa peke yake dukani.

Fundi aliyemwita alikuwa mzee mwenye maneno machache. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaigusisha na tawi la thurea aliloonyeshwa. Sumaku ikanasa. "Mwalimu," alisema, "hii ni chuma iliyovaa kanzu ya shaba." Maelezo yake yalikuwa ya kweli. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na sumaku haina kazi nayo. Sumaku ikinasa, ndani mna chuma. Isiponasa, huenda kitu kikawa shaba halisi, au huenda kikawa zinki iliyopakwa, na hapo uzito wa kitu pamoja na mkwaruzo mdogo mahali pasipoonekana ndio hukata shauri, maana shaba hubaki manjano hata ndani, na zinki hutoa rangi ya kijivu. Waliosema kuwa uzuri wa mkakasi ni wa nje tu, na ndani ni kipande cha mti, walikuwa na habari ya mambo kama haya.

Mahali palipo mbali na bahari kanzu hiyo ingeweza kudumu miaka mingi. Lakini hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na viwili hivi havina huruma na chuma. Penye kitundu kama ncha ya sindano katika ngozi ya kromu au ya shaba, maji ya chumvi hupenya, kutu huanza chini kwa siri, na siku moja ngozi hubanduka. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni uadui wa madini yenyewe kwa yenyewe. Madini mawili ya namna mbali yakigusana penye maji ya chumvi, lile dhaifu huliwa ili lile lenye nguvu lisalimike. Ndiyo sababu bamba zuri la shaba lililokazwa kwa skrubu za chuma huachia michirizi myekundu ukutani: shaba ni nzima, bali skrubu zinakufa. Bamba la shaba halina budi kukazwa kwa skrubu za shaba. Na kitu cha chuma kisichoshika kutu nacho kina daraja zake. Ile iliyotiwa molibdeni huvumilia chumvi kuliko ile ya kawaida, ijapokuwa kwa macho zote mbili ni ndugu.

Hata hivyo, shaba halisi nayo ina haki zake, na inadai zitimizwe. Ikiachwa bila vanishi, hufifia kwanza ikawa kahawia, na ikikaa penye maji huota kutu ya kijani. Wako wanaoupenda uzee huo na kuuona kama mvi katika kichwa cha mtu mwenye heshima. Wako wasioustahimili, na kwa ajili yao shaba lazima isuguliwe, kama zamani iliposuguliwa kwa ndimu au ukwaju na majivu. Asidi ya tunda hula uchafu, na majivu hukwangua. Lakini swali lisiloulizwa dukani ni hili: nani atasugua? Mng'aro wa nyumba una mtumishi wake, na mara nyingi mtumishi huyo si yule aliyeuchagua. Mume huchagua vitasa kumi na viwili vya shaba, na mikono ya mke, au ya mtumishi, au ya binti, ndiyo hulipa sehemu ya pili ya bei, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Mwalimu aliyasikia haya akapunguza matakwa yake. Aliamua kuwa shaba iwe ndiyo madini ya nyumba yake, kwa kuwa mlango wa nje ulikuwa tayari na njumu za shaba na haikufaa ndani kumkane aliye nje. Na chuma cheusi kiwe msaidizi wake mahali pachache. Huo ni uamuzi wa busara. Si lazima madini yote ya nyumba yafanane, lakini yafaa moja liwe imamu na la pili liwe maamuma. Yakiwa manne au matano, na kila moja likitaka kusali mbele, jicho la mgeni halijui lifuate lipi.

Likabaki suala la rangi ya mwanga. Nuru nayo hupimwa. Taa za zamani za waya zilitoa mwanga wa manjano wa yapata kelvini 2,700. Mwanga wa mshumaa uko chini ya hapo, na mwanga wa mchana uko juu sana, baina ya 5,000 na 6,500. Taa za LED za siku hizi huuzwa kwa rangi zote hizo, na hesabu yake huandikwa juu ya kasha. Shaba hupendeza katika mwanga wa manjano, kwa sababu asili yake ni kurudisha manjano na nyekundu na kuimeza buluu. Katika mwanga mweupe wa baridi hupauka kama mtu aliyeamka na homa. Nikeli na kromu hurudisha rangi zote karibu sawasawa, kwa hivyo huvumilia mwanga wowote. Mtu anayechagua kitasa mchana dukani, akakitia usiku nyumbani chini ya taa ya rangi nyingine, asishangae kukiona kimegeuka.

Ilipofika jioni ya kuhesabu taa, fundi aliuliza ziwe ngapi na ziwekwe wapi. Mwalimu alitaja taa sita za sebuleni, mbili za ukumbini, na moja moja kwa kila chumba. Mama yake alikuwa ameketi chumba cha nyuma akishona kofia, kazi aliyoifanya tangu ujana wake na iliyomsaidia kumlipia mwanawe ada ya shule. Alikuwa ameisogeza kofia karibu na uso hata ikakaribia kugusa pua.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "hao wageni wako huja mara ngapi?"

"Pengine mara mbili kwa mwezi, mama."

"Na mimi hushona kila siku."

Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Kwa muda wa mwaka mzima mwalimu alikuwa ameona kofia zikipungua, akadhani mama anachoka mikono. Kumbe mikono ilikuwa mizima. Mwanga ndio uliokuwa haba. Mtu wa miaka 60 hupata ndani ya jicho yapata theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 katika chumba hichohicho, kwa kuwa mboni hupungua kufunguka na lenzi ya jicho huingia umanjano. Tena mwanga hupungua upesi kuliko umbali unavyozidi: taa ikiondolewa mbali mara mbili, kinachofika kwenye kazi ni robo. Taa iliyobandikwa darini katika vyumba virefu kwenda juu, kama vya Mji Mkongwe, humpa mshonaji makombo. Taa ndogo iliyo karibu na bega, yenye kifuniko kinachozuia mwanga usimpige machoni, hufanya kazi ambayo thurea ya matawi manane haiiwezi.

Mwalimu alifuta hesabu yake akaanza upya. Thurea iliachwa dukani. Chumba cha nyuma kilipata chokaa mpya, kwa kuwa ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga ilhali ukuta wenye giza huumeza. Kikapata taa ya mezani ya shaba nzito yenye shingo ya kupinda. Sebule ilipata taa tatu za kadiri.

Alipotaka kulitoa kandili la zamani, mama alilishika. Alikumbuka kwamba kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa kutoka bara kwa muda wa yapata miezi mitatu, na katika siku hizo kandili hilo lilikuwa na heshima kuliko taa zote za mjini. Likasuguliwa, likatiwa utambi mpya, likarudishwa kidakani, mafuta yake yakiwa tayari.

Wanaopamba nyumba huanza na madini, wakaendelea na umbo la taa, na mwisho wakakumbuka mwanga. Yafaa mpango huo upinduliwe. Kwanza na aulizwe ni nani anayeishi ndani na hufanya nini jua likisha kuchwa: ni mtoto anayesoma, mzee anayeshona, au mpishi anayekata kitunguu kwa kisu kikali. Pili na ijulikane nuru itoke wapi imfikie. Tatu na ichaguliwe rangi ya nuru hiyo. Hapo madini yataingia yenyewe mahali pake, yakiwa imara kwa hewa ya mji na mepesi kwa mikono itakayoyasafisha. Mgeni ana haki yake katika nyumba, na haki hiyo ni kubwa. Lakini yeye huja akaondoka, na taa aliyowashiwa huzimwa nyuma yake. Taa ya mwenye kazi ndiyo huwaka mpaka usiku wa manane.