Babu Amepumzika

Neno tunaloliandikia safari hii mnalitumia kila siku, nasi tulilitumia miaka mingi bila kulifikiria: kupumua, pamoja na watoto wake pumzi na kupumzika. Lilitufundisha adabu huko Masieda, wilayani Mbulu, wakati wa likizo yetu ya kichungaji.

Tulitumwa wawili kumsaidia katekista wa kigango, na kazi kubwa ilikuwa kutembelea wagonjwa. Njia ni za vilima. Sisi tuliozoea madawati tulihema kama ng'ombe wa plau, hadi bibi mmoja aliyetupita na mzigo wa kuni mgongoni akatuonea huruma: “Vuteni pumzi, wanangu, kanisa halihami.”

Tangu siku hiyo tukaanza kulifuatilia neno hili. Katekista, mkulima wa mahindi na vitunguu saumu, alikuwa akisema kwamba akimaliza deni la mbolea atapumua. Vijana waliozunguka redio siku ya mpira walilia kwamba timu yao inapumulia mashine. Mama aliyepigiwa simu kwamba mwanawe amefika salama alishusha pumzi, hata sisi tuliokuwa mlangoni tukaisikia. Nao watoto wa Komunyo ya Kwanza, tulipowaeleza jinsi Mungu alivyompulizia Adamu, na Adamu akapumua, waliziba pua na kuangua kicheko. Tulikuwa tumesahau kwamba kupumua ni pia jina la heshima la jambo lifanywalo na tumbo. Kipindi kiliishia hapo.

Basi asubuhi moja tulikwenda kumwona mzee aliyekuwa mgonjwa wa siku nyingi. Katekista alikuwa na shughuli kwingine, tukaenda peke yetu. Mlangoni tulimkuta mjukuu wake, binti wa darasa la nne hivi. Tukamwuliza habari za babu.

“Babu amepumzika,” akasema.

“Basi apumzike,” tukajibu kwa furaha. “Msimwamshe. Tutarudi jioni.” Tukampa pipi mbili, tukaenda zetu nyumba ya pili, tukanywa chai.

Jioni tuliporudi, wazee walikuwa wamekaa nje kwenye vigoda, moto umewashwa, na hakuna aliyekuwa akiongea kwa sauti. Tulisimama pale pale mlangoni. Mzee alikuwa amefariki kabla ya mapambazuko. Walikuwa wamenyamaza asubuhi ile wakimngoja mwanawe mkubwa arudi ndipo watangaze msiba. Tulikuwa tumepita kwenye nyumba ya marehemu tukitabasamu.

Tungependa kusema binti yule alikosea, kwamba nyumbani kwao huzungumzwa Kiiraqw na Kiswahili amekipata shuleni. Lakini alisema sawasawa. Huliandika neno hilo juu ya misalaba ya makaburi, na sisi wenyewe tumelitamka mara nyingi katika mazishi. Ni sisi tuliochukua maana nyepesi kwa sababu ndiyo iliyotupa ruhusa ya kwenda kunywa chai.

Tuliporudi seminari tulimsimulia mwalimu wetu wa Agano la Kale. Hakutukemea, alifungua kitabu cha Kutoka 31:17, pale Mungu anapopumzika siku ya saba. Kitenzi cha Kiebrania pale, akatueleza, kinatokana na nefesh, na maana yake ya karibu ni kuvuta pumzi, kurudisha nafsi. Neno hilo lina undugu na nafs ya Kiarabu, ambayo sisi tumeifanya nafsi. Na katika Kutoka 23:12 kitenzi hicho hicho kinatumika kwa mtoto wa mjakazi na kwa mgeni: Sabato iliwekwa ili nao wavute pumzi. Kwa hiyo Mwiraqw, Mwebrania na Mswahili wa Pwani wangeelewana juu ya Sabato bila kamusi, ilimradi wote wawe wamechoka. (Hili la mwisho ni letu, si la mwalimu.)

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile tulipaswa kuingia ndani kumpa pole mjane.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu.” Alikuwa amekaa juu ya ngozi, miguu ameinyoosha. Akatushika mikono. “Asubuhi niliwasikia. Mlisema apumzike. Ninyi ndio wa kwanza kumwombea.”

Hatukumjibu. Tungeweza kumwambia ukweli, na tumebishana mara nyingi kama tungepaswa. Mmoja wetu anaona tulimwibia. Mwingine anaona kwamba maneno yakishatoka mdomoni si yetu tena, na kwamba bibi aliyapokea kama yalivyopaswa kuwa. Hatujakubaliana hadi leo.

Katekista tulimwambia njiani, gizani. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema tu, “Kesho mtachimba kaburi pamoja na vijana.”

Tulichimba tangu alfajiri. Udongo wa juu ulikuwa laini, wa chini mgumu kama sakafu, na sululu ilirudi mikononi kila tulipopiga. Ilipofika saa tatu mzee mmoja aliinama ukingoni, akatutazama, akasema, “Tokeni mpumzike, wanangu, wengine waingie.” Tukatoka. Tukakaa juu ya udongo tulioutoa, tukihema.