Kaole, Mji Ulioachwa na Bahari

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kufika Bagamoyo, wakaiona misioni iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Ni wachache waliozidi kwenda kusini, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, mpaka Kaole. Huko hakuna soko kubwa wala boma, ila kijiji chenye minazi na wavuvi. Na kando yake yamesimama magofu ya mji uliokuwapo mamia ya miaka kabla ya Bagamoyo kupata sifa.

Tulipoingia kati ya magofu yale tuliona misikiti miwili na makaburi mengi, yote ya mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Msikiti ulio mkubwa kwa umri huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Paa lake limekwisha, bali kibla chake chaonekana hata leo. Makaburi mengine yana nguzo ndefu, nazo zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina, ambayo kwa njia ya biashara yalifika pwani hii kutoka mbali sana. Mwaka 1958 bwana Neville Chittick alichimba hapa, na vitu vya zamani vimewekwa katika nyumba ndogo ya makumbusho papo hapo. Kaburi la mwanamke aitwaye Sharifa wenyeji hulitunza, na watu huja kuomba dua. Basi si mahali pa wafu tu, na mgeni yampasa aingie kwa adabu.

Mtu atauliza, Mji wenye mali namna hii ulikufaje? Jibu liko mbele ya macho. Tulitafuta bandari, tukaona msitu wa mikoko. Mchanga na tope vilikusanyika mwaka hata mwaka, mikoko ikaota juu yake, na vyombo havikuweza tena kukaribia. Biashara ikahamia kaskazini. Hata hivyo jina la Kaole halikupotea: mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walishuka hapa kutoka Unguja, wakakuta askari Wabulushi wa Sultani, wakaanza safari yao ya kwenda Tanganyika.

Wala Bagamoyo haikuponyoka. Maji yake ni haba. Majahazi hukaa mchangani maji yakipwa, na meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa mashua na mabegani mwa watu. Wajerumani walikaa huko tangu mwaka 1888, hata mwaka 1891 wakahamisha makao ya serikali yao Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina.

Na sasa habari yageuka tena. Karibu kabisa na Kaole, upande wa Mbegani, pamekusudiwa kujengwa bandari kubwa mno. Mapatano ya kwanza na Wachina yalitiwa sahihi mwaka 2013. Mwaka 2019 yalisimamishwa, na mwaka 2021 mashauri yakafufuliwa. Bandari ya siku hizi haingoji bahari ichague. Huchimba kina chake yenyewe. Sisi twatamani kazi na mapato yawafikie wavuvi wale na watoto wao. Lakini twauliza pia ni nani atakayeyalinda makaburi, malori yatakapoanza kupita. Mzee mmoja wa kijiji tuliyemwuliza hivyo alicheka, akatuonyesha mikoko, akasema, "Hiyo nayo mtaipeleka wapi?"