Tusiunyang'anye Mkono Kazi Yake

Akina mama wenzetu, mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, upendo huwa na haraka. Ni rahisi kumlisha, kumfunga vifungo na kumshikia kikombe. Lakini mkono uliodhoofika usipopewa kazi, mwenyewe huzoea kuishi kana kwamba haupo.

Sisi wakaza mwana watatu tunamwuguza mama mkwe wetu hapa Geita. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limetuondolea kungoja kivuko tunapompeleka Bugando, Mwanza. Hata hivyo mazoezi ni ya kila siku, na kila siku hatuwezi kusafiri. Kazi kubwa inafanyika nyumbani, mahali ambapo mtaalamu haoni.

Katika nchi nyingine wataalamu wamepata njia ya kuona. Mgonjwa huvaa vihisi mwendo kwenye vifundo vya mikono yote miwili, vidogo kama saa. Ndani yake mna chombo kama kile kinachogeuza picha tunapolaza simu. Huandika kila mkono unapocheza, kisha mtaalamu hulinganisha. Kwa mtu mwenye afya, mikono yote miwili hufanya kazi karibu sawasawa kwa siku nzima. Watafiti wakaona jambo la kutufunza: wapo wagonjwa wanaoinua mkono vizuri hospitalini, lakini nyumbani vihisi havionyeshi kwamba wanautumia zaidi. Uwezo upo, kazi hakuna.

Sisi vihisi hatuna. Tuna macho na punje za mahindi. Kila mama anapoutumia mkono ule mwenyewe, kupukuchua hindi au kujifuta uso, mjukuu hutia punje moja kikombeni. Jioni tunahesabu.

Shangazi za waume zetu walipokuja kutoka Shinyanga walinung'unika: "Mnamtesa mama wa watu, na ninyi mko watatu!" Mama akawajibu mwenyewe: "Wifi zangu, niacheni nikishike kiazi changu. Michembe ya nyumba hii nilikuwa naitengeneza mimi."

Mkono haujarudi wote. Kijiko bado humponyoka. Nasi hatubuni mazoezi. Tulimwuliza mtaalamu kazi zipi zinamfaa, moto na kisu tukaviweka mbali, wala hatumvuti mkono bega likiuma.

Dada mpendwa, unapomwona mgonjwa wako anahangaika na kifungo, na mikono yako inawasha kumsaidia, subiri kidogo. Mwache ajaribu kwanza.