Kijani kwa Kijani

Mwalimu wetu wa Kiswahili hupenda kusema kwamba sentensi ikikosa kiunganishi kinachofaa, maana hutoroka. Hebu andika "Alianguka mtihani kwa hivyo alisoma sana" uone kama darasa zima halitakucheka. Mimi somo hilo liliniingia nikiwa Kidato cha Pili, wala si darasani, bali katika saiba ya shangazi yangu hapa Kutus. Kiunganishi chenyewe hakikuwa "na" wala "lakini". Kilikuwa kidude cha plastiki kisichozidi kifundo cha kidole.

Ilikuwa Ijumaa, Juni 30, 2023, nasi tulikuwa nyumbani kwa mapumziko ya nusu muhula. Tarehe hiyo ndiyo ya mwisho ya kujaza ritani za KRA, na mtu akichelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000. Basi tangu asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani: wauza nyanya wa sokoni, wakulima wa mpunga kutoka Mwea, hata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga. Siku kama hiyo humlipia shangazi kodi ya nyumba ya mwezi mzima.

Mwendo wa saa nne hivi, mteja mmoja akasukuma meza ili apate pa kuketi. Mguu wa meza ukaukanyaga ule waya mwembamba wa manjano unaotoka kwenye kijisanduku cha ukutani hadi kwenye mashine ya intaneti. Kah! Kichwa cha waya kikavunjika, na kompyuta zote sita zikabaki kukodoa macho tu.

Shangazi akampigia fundi simu. Kumbe fundi alikuwa Kerugoya, juu ya nguzo. Akasema atafika jioni, ila tukipata waya mwingine wa aina ile ile tunaweza kuuchomeka wenyewe. Shangazi akanikabidhi shilingi 1,000.

"Enda Embu mbio, mwanangu. Ununue kama huu huu."

Nilishika matatu, waya uliovunjika ukiwa mfukoni. Dukani nilipigwa na butwaa. Mimi nilidhani waya ni waya! Muuzaji alinitolea vichwa vya kila namna: kile cha ST kinachosokotwa mithili ya balbu, cha FC kinachokazwa kama nati, kidogo cha LC ambacho ncha yake ina unene wa milimita 1.25, na SC, cha mraba, chenye ncha ya milimita 2.5. Changu kilikuwa SC. Hapo sikukosea.

Lakini SC zilikuwa mbili, za kijani kwa shilingi 550 na za buluu kwa shilingi 450. Uliovunjika ulikuwa wa kijani.

"Zote zinaingia pale pale," muuzaji akasema.

Msomaji, nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nilichukua buluu, na zile shilingi 100 zilizobaki nikazila chipsi pale stendi. Nilijiambia kwamba rangi ni urembo tu, kama sweta za shule.

Niliporudi nilipokelewa kama shujaa. Nikachomeka upande mmoja, tak! Nikachomeka wa pili, tak! Vyote viliingia sawasawa, muuzaji hakusema uongo. Sote tukaikazia macho mashine. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka, na haikuacha. Nikachomoa, nikapuliza ncha kwa mdomo (kosa lingine hilo), nikarudisha. Nyekundu. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea saiba ya jirani, na shangazi akawa anawatazama migongo bila kusema neno. Mzee mmoja tu, ambaye kila mtu humwita Guka, alikataa kuondoka. Alisema miguu yake haiwezi foleni mbili kwa siku moja.

Fundi alifika saa kumi na mbili jioni. Aliutazama waya wangu kwa nukta mbili tu.

"Nani alinunua hii?"

Akatoa kipima mwanga chake. Kutoka ukutani moja kwa moja, kilisoma hasi 22. Kupitia waya wangu, hasi 30. Akanieleza kwamba katika hesabu hiyo, kila tatu zikipungua, nusu ya mwanga imepotea. Mashine ilikuwa kama mtu anayenong'onezewa sokoni.

Ncha ya buluu, alisema, imesuguliwa ikawa karibu bapa. Ya kijani imekatwa mshazari, nyuzi 8, ili mwanga unaorudishwa nyuma utupwe pembeni usiisumbue mitambo. Ukikutanisha bapa na mshazari, vioo havigusani vizuri, hewa huingia katikati na mwanga hupotelea hapo. Na njia yenyewe ya mwanga ndani ya kioo ina upana wa maikromita 9 hivi, ilhali unywele wa binadamu ni kama 70! Ndiyo maana hata mate niliyopuliza yalikuwa kama jabali katikati ya barabara. Ncha husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Tena akanikemea nisichungulie ndani kamwe, kwa kuwa mwanga ule hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Nilifikiria nyaya za SEACOM na TEAMS zilizotua Mombasa mwaka 2009, chini ya bahari yote ile, kisha bara hadi Kirinyaga. Safari yote hiyo ilikwamia kwenye chipsi zangu.

Fundi alichomeka waya wa kijani kutoka mkobani mwake. Taa ikatulia. Guka alimaliza ritani yake saa tatu usiku, akasema, "Asante, kijana," akanipa mkono. Sikujua niutazame wapi uso wake.

Shangazi aliutundika ule waya wa buluu kwenye msumari kando ya kaunta, na uko pale mpaka leo. Hakuwahi kuniuliza bei. Siku ya Wazazi yeye hununua nakala ya gazeti hili kila mwaka, na shilingi zake 100 nimeziweka tayari.