Alirudi Mwezi Gani?

Basi la usiku lilitushusha Mombasa alfajiri, nikapanda matatu ya Malindi nimeukumbatia mkoba. Ndani mlikuwa na kazi ya likizo ya Aprili. Nilikuwa kidato cha tatu, mtoto wa Nyeri ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa. Tulipovuka daraja la Kilifi, bahari ikajifunua upande wa kulia, nikajikuta nimemshika mkono abiria wa pembeni. Akacheka. "Mara ya kwanza?"

Mwalimu alitaka tulinganishe safari ya Vasco da Gama na Os Lusíadas, utenzi wa Luís de Camões uliochapwa Lisbon mwaka 1572: nyimbo 10, beti zaidi ya 1,000, kila ubeti mishororo minane. Malindi imo. Mfalme wake anakaa kitako nyimbo tatu nzima akimsikiliza da Gama akisimulia habari za Ureno. Ndiyo maana nilimwomba shangazi anikaribishe kwake.

Asubuhi ya pili nikaenda kwenye mnara wa da Gama. Kumbe ni nguzo nyeupe ya mawe ya matumbawe, nene chini, nyembamba juu, na kileleni msalaba wa jiwe la Lisbon. Imesimama juu ya jabali linalopigwa na mawimbi. Upepo ulinipokonya karatasi, nikazikalia, nikaandika: alifika Aprili 1498, akapewa maalimu wa kumvusha, akang'oa nanga tarehe 24, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Siku 26.

Chini ya mvinje mzee mmoja alikuwa akishona wavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsomea hesabu yangu kwa majivuno.

"Kwa kusi, si ajabu," akasema. "Upepo huu huu unaokupokonya karatasi ndio uliompeleka. Na kurudi je, mwanangu? Alirudi mwezi gani?"

Swali la mwalimu lilikuwa la kwenda tu. Nikapekua kitabu: aliondoka Calicut mwisho wa Agosti, akaiacha pwani ya India mapema Oktoba.

Mzee akaitua sindano. "Hakungoja kaskazi? Basi alikutana na shwari."

Alikutana nayo. Walikaa baharini karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliwavimbisha fizi, wakafa wengi hata waliobaki wakawa hawatoshi kuendesha merikebu tatu. Walipotia nanga tena Malindi, Januari 1499, wagonjwa walitamani machungwa, yakaletwa kutoka nchi kavu. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, wakaichoma mojawapo, São Rafael, kwa kukosa mabaharia.

Camões hakukisahau kiseyeye. Amekitia mapema, katika masimulizi ya da Gama kwa mfalme. Ila wakati wa kurudi anawapa kisiwa cha mapenzi alichokiandaa Venus, kisha upepo mwanana hadi nyumbani. Nilisoma sehemu hiyo kwa sauti. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauokota wavu.

"Maneno matamu," akasema. "Lakini huyo hakumuuliza mvuvi."

Usiku ule, kwa taa ya shangazi, nilichana ukurasa wangu wa kwanza, nikaianza insha upya: Oktoba, tanga limelala, na Malindi bado haionekani.